Kutenganisha spishi mbili za Daptonema zinazofanana katika mchanga wa chini ya bahari

Mchanga_Mweupe ameuliza:

Wanajukwaa wenzangu, salaam. Ninachambua wanyama wadogo waishio katikati ya chembe za mchanga, na sampuli zangu zimetoka upande wa mashariki wa Unguja, kwenye mchanga mweupe wa matumbawe ulio chini kidogo ya mpaka wa maji yanapokupwa wakati wa bamvua. Mchanga uliloweshwa katika maji yenye magnesiamu kloraidi ili wanyama walegee na kuachia chembe walizoshikilia, kisha maji ya juu yakamiminwa kwenye chujio la mikrometa 45, na kilichobaki kikahifadhiwa katika fomalini ya asilimia 4. Kama ilivyo kawaida ya mchanga wa namna hii, walio wengi ni nematodi (minyoo duara), na miongoni mwao wamo wengi ninaoamini kuwa ni wa familia ya Xyalidae: gamba lao la nje lina mistari ya pete iliyo wazi, mdomo una umbo la faneli, amfidi (viungo vya kuhisi kemikali) zilizo kando ya kichwa ni za duara, na kichwani kuna seta, yaani vinywele vigumu, zilizopangwa katika mzunguko mmoja. Kwa kuwa ncha ya mkia ina seta mbili au tatu, nimewaweka katika jenasi ya Daptonema.

Tatizo langu linaanzia hapo. Ndani ya kundi hilo naona maumbo mawili. Umbo la kwanza lina seta za kichwani ambazo hazifiki nusu ya upana wa kichwa, na mkia mrefu unaokuwa mwembamba kama uzi kuelekea mwisho. Umbo la pili ni nene zaidi, mkia wake ni mfupi, na seta zake za kichwani zinazidi upana wa kichwa. Kama mambo yangeishia hapo nisingewasumbua, lakini baina ya maumbo hayo wapo minyoo wasiokaa upande wowote, na nilipokokotoa uwiano wa de Man, yaani urefu wa mwili ukigawanywa kwa upana (a), kwa urefu wa koromeo (b) na kwa urefu wa mkia (c), namba za makundi hayo zilipishana kiasi kwamba sikuweza kuchora mpaka.

Nimetumia funguo za picha walizochapisha Warwick, Platt na Somerfield mwaka 1998, ambazo zilinifikisha karibu na Daptonema setosum kwa umbo la pili na kuniacha njiani kwa umbo la kwanza. Naomba mwongozo katika mambo mawili. Kwanza, ni sifa zipi za kutegemewa katika jenasi hii na zipi hubadilikabadilika? Pili, je, ni halali kumwita mnyoo wa Unguja kwa jina la spishi iliyoelezwa kutoka bahari za Ulaya?

Fundi_wa_Slaidi amejibu:

Ndugu Mchanga_Mweupe, ahsante kwa swali lililoelezwa vizuri. Nitajibu la kwanza, kwa kuwa ndilo linaloamua la pili.

Hujatuambia ni minyoo wangapi kati ya hao ni madume waliokomaa, na mashaka yangu yote yapo hapo. Nematodi hupitia hatua nne za utoto kabla ya kukomaa, na kila wanapojivua gamba hubadilika kimo na hata uwiano wa viungo. Koromeo halikui kwa kasi ya mwili mzima, kwa hiyo thamani ya b huongezeka kadiri mnyoo anavyokua, bila ya kuwapo spishi ya pili. Ukichanganya watoto, majike na madume katika jedwali moja, lazima utapata namba zinazopishana na minyoo wa katikati wasio na kwao. Anza kwa kuwatenga. Dume aliyekomaa ana spikula, yaani vile viungo viwili vigumu vya kupandia vilivyoko kwenye kloaka, tundu la pamoja la haja na uzazi. Jike aliyekomaa ana tundu la uzazi lililo wazi na mara nyingi utaona yai ndani yake. Asiye na kimojawapo kati ya hivyo mweke kando na umwandike kwa jina la jenasi tu, kwani hata mtaalamu mzoefu hawezi kumpeleka mbali zaidi ya hapo kwa macho.

Ukishabaki na waliokomaa, elekeza nguvu zako kwa madume. Katika Daptonema, ambayo ina zaidi ya spishi 100 zilizopewa majina, spikula ndiyo sifa yenye uzito kuliko zote. Katika spishi nyingi za jenasi hii spikula zimepinda mfano wa herufi L, lakini pembe ya kupinda, unene wa kichwa cha spikula, umbo la ncha, na urefu ukilinganishwa na upana wa mwili kwenye kloaka hutofautiana kutoka spishi moja hadi nyingine. D. tenuispiculum, kwa mfano, hutambulika kwa spikula ndefu na nyembamba zisizofanana na zile fupi na nene za jamaa zake. Pamoja na spikula, angalia kile kibamba kinachoziongoza, gubernakula, uone kama kina pembe inayoelekea mgongoni au hakina. Baada ya hapo ndipo zije seta za kichwani (idadi yake, ambayo katika jenasi hii huwa 10, 12 au 14, ina maana kubwa kuliko urefu wake), kisha upana wa amfidi ukilinganishwa na upana wa mwili mahali ilipo, umbali wake kutoka ncha ya kichwa, na mwisho umbo la mkia.

Usipuuze namna ulivyowatayarisha, kwa sababu nusu ya "spishi" zinazotatanisha huzaliwa mezani. Mnyoo aliyebanwa na kioo cha juu hutanuka, na hapo upana wake huongezeka, a hushuka, na amfidi huonekana kubwa kuliko ilivyo. Weka pete ya nta au shanga ndogo za kioo zenye unene unaokaribia ule wa mnyoo ili kioo kisimkandamize. Wahamishie kwenye gliserini polepole, kwa njia ya Seinhorst ya mwaka 1959, ambayo hupitisha mnyoo katika ethanoli na kuuacha mchanganyiko uvukize hadi ibaki gliserini tupu. Ukiharakisha, gamba hunywea na mistari yake huharibika. Kwa sampuli zijazo, fomalini iliyopashwa moto hadi nyuzi 60 hivi humuua mnyoo akiwa amenyooka, jambo linalorahisisha sana upimaji, ila fanya hivyo penye kifaa cha kuvuta hewa kwa kuwa mvuke wake ni hatari.

Hakikisha pia unampima mnyoo aliyelala ubavu. Spikula zikitazamwa kutoka upande wa tumbo huonekana fupi na zilizonyooka, na nimeona michoro ya namna hiyo ikiwafanya watu waamini wamepata kitu kipya. Tumia lenzi ya mafuta ya 100x. Kwa lenzi ya 40x hutaiona pembe ya gubernakula kwa uhakika.

Ukimaliza, usitegemee wastani. Chora grafu ya madume peke yao, urefu wa spikula upande mmoja na upana wa mwili kwenye kloaka upande wa pili, kisha nyingine ya urefu wa mkia. Nukta zikijitenga katika mafungu mawili yenye nafasi tupu katikati, na kila fungu likawa na umbo lake la spikula, hao ni spishi mbili. Nukta zikifuatana bila pengo, basi huenda una spishi moja yenye maumbile yanayotofautiana, hata kama wale wa mwanzo na wale wa mwisho hawafanani kabisa.

Mfuasi_wa_Vinasaba amejibu:

Nakubaliana na Fundi kuhusu madume, lakini nadhani ameliacha nje jambo ambalo leo haliwezi kuachwa. Kuna spishi za nematodi ambazo hadubini peke yake haikuzitenganisha hadi vinasaba vilipozionesha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walichunguza minyoo waliokuwa wakiitwa Pellioditis marina na Geomonhystera disjuncta (siku hizi Litoditis na Halomonhystera), wakakuta kila jina linaficha spishi kadhaa. Ni kweli hao huishi kwenye mwani unaooza na si kwenye mchanga, lakini sioni sababu ya kudhani kwamba Xyalidae wa Unguja wamesalimika. Linalofaa kuzingatiwa zaidi ni kwamba mwaka 2008 Fonseca, Derycke na Moens waliwarudia minyoo hao kwa vipimo vya kawaida vya mwili, wakijua tayari nani ni wa kundi lipi, na tofauti za maumbile zikaonekana. Kwa hiyo vinasaba havikuja kuiondoa hadubini. Vilimwambia mpimaji mahali pa kutazama.

Kama utarudi kuchukua sampuli, gawa kila moja mafungu mawili. Fungu moja liende kwenye fomalini kama ulivyofanya, na la pili kwenye DESS, mchanganyiko wa DMSO, EDTA na chumvi iliyokolea, ambao huhifadhi vinasaba na umbo kwa pamoja na unaweza kukaa bila jokofu. Ethanoli nayo huhifadhi vinasaba vizuri, ila humkausha mnyoo na kumkunja. Kabla ya kumsaga mnyoo, mweke kwenye slaidi ya muda na umpige picha au video ukishusha na kupandisha lenzi taratibu, ili tabaka zote za kichwa na mkia zibaki kwenye kumbukumbu. Wapo wanaokata sehemu ya katikati ya mwili kwa ajili ya vinasaba na kubakiza kichwa na mkia kama kielelezo. Kwa mnyoo wa milimita moja inahitaji mkono mtulivu, lakini inawezekana.

Kuhusu kipande cha kinasaba cha kusoma, 18S (jeni ya ribosomu) husomeka kwa urahisi na hukupeleka kwenye familia na jenasi, lakini hubadilika polepole mno na mara nyingi haitenganishi spishi za karibu. COI (jeni ya mitokondria) hutenganisha vizuri zaidi, ila vianzishi vya Folmer, yaani vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia unakili, vinavyotumika kwa wanyama wengi hushindwa mara kwa mara kwa nematodi, na ndiyo maana wengi hutumia vianzishi viitwavyo JB3 na JB5. Tena usilichukue jina lililoambatanishwa na mfuatano katika hifadhi ya data kuwa ni hukumu. Aliyeuweka mfuatano huo naye alimtambua mnyoo wake kwa hadubini, na pasipo picha wala slaidi huna njia ya kumhakiki.

Mchanga_Mweupe ameuliza tena:

Nawashukuru nyote. Sampuli nilizo nazo zote zimo katika fomalini, kwa hiyo kwa sasa nitafuata njia ya maumbile na kuweka DESS katika mpango wa msimu ujao. Nimeanza kuwatenga madume, na yamejitokeza maswali madogo mawili. Spikula iliyopinda hupimwa kwa mstari ulionyooka kutoka ncha hadi ncha, au kwa kuufuata mkunjo wake? Na je, nifanye nini na minyoo ambao mkia wao hauna seta kwenye ncha, ilhali mambo mengine yote yanalingana na umbo la kwanza?

Fundi_wa_Slaidi amejibu:

Pima kwa kuufuata mkunjo, kupitia katikati ya spikula, na uandike wazi kwamba ulipima hivyo. Waandishi wa zamani wengi walipima kwa mstari ulionyooka, na baadhi hawakusema walipimaje, kwa hiyo andika vipimo vyote viwili ili uweze kulinganisha na maelezo ya kila zama. Kwa spikula yenye umbo la L tofauti ya vipimo hivyo si ndogo. Inatosha kumhamisha mnyoo kutoka tawi moja la ufunguo hadi jingine.

Kuhusu mkia, kuna mambo mawili ya kuchunguza kwa makini. Seta za mkiani huvunjika kirahisi mchanga unapotikiswa na kuchujwa, hasa mchanga wa matumbawe wenye chembe zenye makali. Ikiwa seta imevunjika, shina lake hubaki kama kinundu kidogo kwenye gamba, na kwa lenzi ya mafuta utakiona. Ikiwa ncha ni laini kabisa na mkia una umbo la koni hadi mwisho, bila ile sehemu nyembamba ya silinda, basi huenda unaye Theristus, jenasi iliyoelezwa na Bastian mwaka 1865, ambayo kwa muda mrefu spishi za Daptonema zilikuwa zikichanganywa nayo. Hao watenge kabisa kabla ya kuendelea na grafu zako. Sitashangaa kama baadhi ya wale minyoo wa katikati waliokuhangaisha ni hao.

Mkaazi_wa_Gazi amejibu:

Nimechelewa kuingia katika mjadala, na naona swali la pili la ndugu yetu bado halijajibiwa: je, mnyoo wa Unguja aitwe kwa jina la Ulaya?

Daptonema setosum alielezwa na Bütschli mwaka 1874 kutoka bandari ya Kiel, katika Bahari ya Baltiki, yenye maji baridi na chumvi kidogo. Kati ya hapo na mchanga wa matumbawe wa Unguja kuna tofauti ya joto, ya chumvi na ya aina ya mchanga wenyewe. Nematodi hawana lava wanaoelea baharini, kwa kuwa mtoto hutoka kwenye yai akiwa tayari mnyoo mdogo anayeishi palepale mchangani, kwa hiyo hatutarajii asafiri mbali kwa nguvu zake. Hata hivyo umbali peke yake si ushahidi wa kutosha, kwa sababu wanyama hawa huweza kuchukuliwa na mkondo pamoja na mchanga uliotibuliwa, au kusafiri kwenye mwani unaoelea, na zipo spishi ambazo zimepatikana kweli katika bahari zaidi ya moja. Ufanani nao hautoshi. Kuna mnyoo mwingine wa mchangani, wa kundi la anelidi, aitwaye Stygocapitella subterranea, ambaye naye alielezwa kutoka eneo la Kiel mwaka 1934. Kwa miongo mingi aliaminika kuwa spishi moja iliyoenea sehemu nyingi za dunia, hadi Cerca na wenzake walipoonesha mwaka 2020, kwa kutumia vinasaba, kwamba jina hilo lilikuwa limefunika spishi nyingi, kila moja ikiwa na eneo dogo kuliko ilivyodhaniwa.

Kwa hiyo funguo za mwaka 1998, ambazo ni kazi nzuri sana, zitumie kujifunza sifa na kuifikia jenasi. Zilitungwa kwa ajili ya minyoo wa Uingereza. Ufunguo wa mahali pengine hauna tawi la kusema "huyu hayumo humu". Utakufikisha kwenye jina fulani hata kama mnyoo wako hajawahi kuelezwa na mtu yeyote. Ukishafika kwenye jenasi, fungua hifadhi ya data ya Nemys upate orodha ya spishi zote zinazotambuliwa, kisha utafute maelezo ya asili ya zile zinazokaribia madume wako, ukianza na zile zilizoelezwa kutoka Bahari ya Hindi na maji mengine ya joto.

Kwa upande wa pwani yetu, kazi zilizopo zitakusaidia kwa kiasi. Vanhove na wenzake walichapisha mwaka 1992 utafiti wa wanyama wadogo wa mikokoni katika ghuba ya Gazi, Kenya, Ólafsson akafanya hivyo kwa mikoko ya Zanzibar mwaka 1995, na mwaka 1999 Ndaro na Ólafsson wakaandika juu ya nematodi wa wangwa mmoja wa Afrika Mashariki. Hizo ni kazi za ikolojia, na hesabu zake zimejengwa zaidi juu ya jenasi, kwa hiyo zitakuambia nani utarajie kumkuta, lakini hazitakupa michoro ya spikula za kila spishi. Mfano wa kazi unayoikusudia ni ile ya Muthumbi, Soetaert na Vincx ya mwaka 1997 kuhusu familia ya Comesomatidae katika vina virefu vya Bahari ya Hindi. Humo zimo spishi mpya na zilizokwisha kujulikana pia, na kila moja iliamuliwa kwa vipimo na michoro yake, si kwa ramani.

Hapa natofautiana kidogo na Mfuasi_wa_Vinasaba. Kukosa vinasaba hakukuzuii kutenganisha spishi zako mbili sasa hivi. Kunakuzuia tu kuwa na uhakika kwamba hakuna ya tatu iliyojificha ndani ya mojawapo. Hayo ni madai mawili tofauti, na ripoti yako inaweza kutoa la kwanza bila kuligusa la pili.

Katika kuandika, umbo la kwanza liite Daptonema sp. 1 (yaani spishi ambayo bado haijapewa jina). Umbo la pili, ikiwa spikula, gubernakula na idadi ya seta vitalingana na maelezo ya Bütschli na ya waliomfuatia, liite Daptonema cf. setosum (cf. ni "linganisha na"); vikilingana kwa sehemu tu, andika aff. ("ana ujamaa na") badala ya cf., au ubaki na sp. 2. Kwa kila moja chagua dume mmoja aliyelala ubavu na ambaye hakuvunjika seta, mchore kichwa, kloaka na mkia, na jedwali la vipimo vya madume na majike ulitenganishe. Slaidi zake uzizungushie rangi ya kuzibia pembeni mara mbili ili gliserini isivuje, kisha uziandike mahali, kina, tarehe na namba ile ile iliyomo kwenye jedwali. Ukipata nafasi, weka picha za spikula hapa jukwaani, hasa za wale wasio na seta za mkiani.